Blogu unayoisoma nayo inakusoma

MTU anayefungua blogu kwenye simu akiwa ndani ya daladala, au kwenye kompyuta ya ofisini wakati wa chakula cha mchana, huamini kwamba anasoma peke yake. Hakuandika maoni, hakubofya kitufe chochote wala hakutaja jina lake. Anapofunga ukurasa na kuendelea na shughuli zake, hudhani kuwa hakuacha alama yoyote nyuma yake.

Ukweli ni tofauti. Katika dakika hizo chache, kompyuta inayohifadhi blogu hiyo imekwisha kuandika saa aliyofika, ukurasa aliousoma, aina ya simu anayotumia na mahali alikotokea kwenye mtandao. Kama ukurasa una tangazo, video au kitufe cha mtandao wa kijamii, kampuni nyingine moja, mbili au kumi zimepata taarifa hiyo hiyo kwa wakati mmoja.

Mjadala kuhusu faragha katika blogu na mitandao ya kijamii umedumu kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Katika kipindi hicho kampuni zimeonyesha hadharani shughuli za watumiaji wao mara kadhaa, zikalaumiwa, na hatimaye zikaondoa maonyesho hayo. Wengi walidhani kwamba tatizo lilimalizika hapo. Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa kilichoondolewa mara nyingi kilikuwa dirisha la kuonyesha tu, huku daftari la kumbukumbu likibaki ndani na kuendelea kujazwa.

Makala haya yanaeleza jinsi kumbukumbu hizo zinavyotunzwa, matukio yaliyoufanya umma uzitambue, sheria zinazozihusu katika Afrika Mashariki na hatua ambazo msomaji wa kawaida anaweza kuchukua.

Kumbukumbu zinavyotunzwa

Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao wa intaneti hutambulishwa kwa namba iitwayo anwani ya IP. Bila namba hiyo, seva yenye blogu isingejua ipeleke wapi ukurasa ulioombwa. Seva huandika namba hiyo pamoja na tarehe, saa, anwani ya ukurasa na ukurasa ambao msomaji alitoka kabla ya kufika hapo.

Anwani ya IP peke yake haitaji jina la mtu. Kwa wanaotumia simu, wateja wengi wa kampuni moja huweza kutumia namba moja kwa wakati mmoja. Lakini kampuni ya simu ina uwezo wa kuweka kumbukumbu za nani alitumia namba ipi na saa ngapi. Tanzania ilianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole Mei 2019, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zilianza kufungwa. Kwa maana hiyo, njia kutoka kwenye ukurasa wa blogu hadi kwenye kitambulisho cha taifa cha msomaji ni fupi kuliko wengi wanavyofikiri, iwapo mwenye mamlaka ataomba kumbukumbu zote mbili.

Nyenzo ya pili ni vidakuzi. Hizi ni taarifa fupi za maandishi ambazo tovuti huzihifadhi ndani ya kivinjari cha msomaji ili imtambue akirudi. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani. Lengo la awali lilikuwa kuiwezesha tovuti ya biashara kukumbuka bidhaa ambazo mteja ameziweka kwenye kikapu chake. Bila vidakuzi, mtu angelazimika kuandika neno lake la siri kila anapofungua ukurasa mpya.

Tatizo lilizuka pale kampuni za matangazo zilipoanza kuweka vidakuzi vyao ndani ya tovuti za watu wengine. Tangazo la kampuni moja likiwa kwenye blogu ya michezo, blogu ya mapishi na blogu ya siasa, kampuni hiyo humwona msomaji yule yule katika sehemu zote tatu, ingawa wenye blogu hizo hawafahamiani. Apple ilivizuia kabisa vidakuzi vya aina hiyo katika kivinjari cha Safari mwaka 2020, na Mozilla ilianza kuzuia vile vya ufuatiliaji katika Firefox mwaka 2019. Google ilitangaza Januari 2020 kuwa ingeviondoa katika Chrome, lakini Julai 2024 iliachana na mpango huo.

Enzi ya kuwaonyesha wasomaji

Katika ulimwengu wa Kiswahili, blogu zilianza kupata wasomaji katikati ya miaka ya 2000. Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe mwaka 2004, na mwaka uliofuata mpigapicha Issa Michuzi alianzisha blogu iliyokuja kuwa kijiwe cha Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni. Wachangiaji waliitwa wadau, na wengi wao walitoa maoni chini ya jina moja tu la "anonymous".

Wakati huo ilikuwa fahari kwa mwanablogu kuonyesha kuwa anasomwa. Pembeni mwa kurasa nyingi kuliwekwa vihesabio vya wageni. Kihesabio cha ClustrMaps kilionyesha ramani ya dunia yenye madoa mekundu palipo na wasomaji. Kingine kiitwacho Feedjit kilikwenda mbali zaidi, kwani kilitangaza wakati huo huo mji wa kila mgeni aliyeingia, tovuti aliyotokea na kichwa cha habari alichofungua.

Kwa mtu aliye Dar es Salaam au Nairobi, maonyesho hayo hayakuwa na hatari kubwa kwa sababu alipotea katikati ya maelfu. Lakini mwanafunzi aliyekuwa Mswahili pekee katika mji mdogo wa Ulaya au Marekani alionekana waziwazi kila alipofungua ukurasa. Mwenye blogu aliyemfahamu aliweza kujua kuwa fulani amesoma habari gani na saa ngapi.

Huduma iliyoitwa MyBlogLog ilikamilisha picha hiyo. Ilionyesha pembeni mwa blogu picha na majina ya wanachama wake waliopita hapo muda mfupi uliotangulia. Mtu hakuhitaji kuandika neno hata moja; kupita kulitosha. Kampuni ya Yahoo iliinunua Januari 2007, kisha ikaifunga mwaka 2011.

Vihesabio vya namna hiyo vimetoweka katika kurasa nyingi. Kazi yake hata hivyo haikukoma. Programu za takwimu zinazotumiwa na tovuti za leo hukusanya taarifa zile zile na nyingine zaidi, isipokuwa sasa zinaonekana kwa mwenye tovuti na kampuni inayotoa huduma hiyo. Msomaji hazioni.

Kuhusu wadau waliojiita "anonymous", kinga yao ilikuwa ya upande mmoja. Katika huduma ya Blogger, inayomilikiwa na Google tangu mwaka 2003, mwenye blogu haonyeshwi anwani ya IP ya mtoa maoni, lakini seva za Google huipokea. Katika blogu zilizojengwa kwa programu ya WordPress, mwenye blogu mwenyewe huiona anwani hiyo kando ya kila maoni, pamoja na barua pepe iliyojazwa, isipokuwa kama amebadilisha mpangilio huo. Jina lilifichwa kwa wasomaji wenzake tu.

Masomo ya News Feed, Beacon na Buzz

Septemba 5, 2006, Facebook ilianzisha News Feed, ukurasa uliokusanya mahali pamoja kila jambo lililofanywa na marafiki wa mtumiaji: nani ameweka picha, nani ameachana na mpenzi wake, nani amejiunga na kundi gani. Ndani ya siku chache, mamia ya maelfu ya watumiaji walijiunga na makundi ya kupinga. Mkuu wa kampuni hiyo, Mark Zuckerberg, aliomba radhi na kuongeza vidhibiti vya faragha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba taarifa hizo hazikuwa siri hata kabla ya siku hiyo. Rafiki yeyote angeweza kuzipata kwa kutembelea ukurasa wa mhusika. Kilichowaudhi watu ni kukusanywa kwake. Habari iliyotawanyika katika sehemu 20 haimpi mtu picha kamili. Ikikusanywa katika ukurasa mmoja huwa ni habari nyingine kabisa.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 6, 2007, kampuni hiyo ilizindua Beacon kwa kushirikiana na tovuti nyingine 44. Mtumiaji aliyenunua kitu katika mojawapo ya tovuti hizo alijikuta ununuzi wake ukitangazwa kwa marafiki zake wa Facebook. Nchini Marekani, mwanamume mmoja aliyenunua pete kwa siri ili amshangaze mkewe aliharibikiwa na mpango huo pale tangazo lilipowafikia marafiki na mke mwenyewe.

Malalamiko yalipozidi, Zuckerberg aliomba radhi Desemba 5, 2007 na kuruhusu watumiaji kuizima Beacon. Lakini katika siku hizo hizo mtafiti wa usalama wa kompyuta alikuwa ameonyesha kuwa taarifa za ununuzi zilipelekwa kwenye seva za Facebook hata pale mtumiaji alipokataa zisitangazwe, na hata akiwa ametoka kwenye akaunti yake. Kampuni ilikiri kuwa ilizipokea na kusema kuwa haikuzitunza. Beacon ilifungwa mwaka 2009, na kesi iliyofunguliwa na watumiaji ikamalizika kwa makubaliano ya dola milioni 9.5.

Google nayo haikusalimika. Februari 9, 2010 iliingiza mtandao wa kijamii uitwao Buzz ndani ya huduma yake ya barua pepe, Gmail. Watumiaji walipangiwa marafiki kutokana na watu waliowasiliana nao mara nyingi kwa barua pepe, na orodha hiyo ingeweza kuonekana hadharani iwapo mtumiaji hakuchukua hatua ya kuificha. Kwa mwandishi wa habari, wakili au daktari, orodha ya watu anaoandikiana nao mara kwa mara ni siri ya kazi. Tume ya Biashara ya Marekani iliifungulia Google mashitaka, na katika makubaliano ya mwaka 2011 kampuni ilitakiwa kukaguliwa na watu huru kuhusu faragha kwa miaka 20. Buzz ilifungwa mwaka huo huo.

Kitufe cha kidole gumba

Aprili 2010, Facebook iliruhusu tovuti yoyote duniani kuweka kitufe chake cha kupenda, kile chenye alama ya kidole gumba. Blogu nyingi zilikipokea kwa furaha kwa sababu kililetea wasomaji.

Kwa kuwa kitufe chenyewe kilitoka kwenye seva za Facebook, kivinjari cha msomaji kililazimika kuwasiliana na seva hizo kila ukurasa ulipofunguka. Mawasiliano hayo yalibeba anwani ya ukurasa uliosomwa, na kidakuzi cha Facebook kama kilikuwapo. Msomaji hakulazimika kukibofya. Julai 29, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyohusu duka la nguo la mtandaoni nchini Ujerumani, kwamba mwenye tovuti anayeweka kitufe hicho anawajibika pamoja na Facebook kwa ukusanyaji na usafirishaji wa taarifa za wasomaji wake.

Thamani ya alama hizo ndogo ilionekana mwaka 2013, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na mwenzao wa kampuni ya Microsoft walipochapisha utafiti uliohusu watu zaidi ya 58,000 wa Marekani waliojitolea. Kwa kutazama tu vitu ambavyo watu hao walivipenda kwenye Facebook, programu ya kompyuta iliweza kutofautisha Mkristo na Mwislamu kwa usahihi wa asilimia 82, na mfuasi wa chama cha Democratic na yule wa Republican kwa asilimia 85. Wengi wao hawakuwa wamependa kitu chochote kilichotaja dini wala chama.

Miaka mitano baadaye dunia ilishuhudia kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa iliyopata taarifa za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87. Kampuni hiyo ilihusishwa pia na kampeni za uchaguzi wa Kenya za mwaka 2013 na 2017. Facebook ilitozwa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani Julai 2019.

Katika miaka ya karibuni maonyesho ya hadharani yamepunguzwa tena. Oktoba 2019, Instagram iliondoa sehemu iliyowaonyesha watumiaji kile ambacho watu wanaowafuata wamekipenda. Juni 2024, mtandao wa X, zamani Twitter, ulificha orodha za vitu vilivyopendwa na kila mtumiaji. Katika mitandao yote miwili, kupenda kunaendelea kuandikwa na kutumika kuamua nini mtumiaji aonyeshwe. Twitter yenyewe ilikuwa imetozwa faini ya dola milioni 150 Mei 2022, baada ya kubainika kuwa ilitumia kwa matangazo namba za simu na barua pepe ambazo watumiaji walizitoa kwa ajili ya kulinda usalama wa akaunti zao.

Hata kilichofutwa huhesabiwa

Wapo wanaoamini kuwa maneno yaliyoandikwa na kufutwa kabla ya kuchapishwa hayajulikani na mtu. Mwaka 2013, watafiti wawili, mmoja wao akiwa mfanyakazi wa Facebook, walichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji milioni 3.9 kwa siku 17. Walihesabu mara ambazo mtu alianza kuandika kisha akaghairi. Asilimia 71 ya watumiaji hao walikuwa wamefanya hivyo angalau mara moja.

Watafiti walieleza kwamba hawakusoma maneno yenyewe. Walichoandika ni kuwa kitu kilianza kuandikwa na hakikuchapishwa. Hata hivyo utafiti huo uliweka wazi kuwa kusitasita kwa mtu mbele ya kibodi ni jambo linaloweza kupimwa na kutunzwa.

Shajara iliyohamia Urusi

Swali jingine ni nani atakayekuwa na daftari hilo kesho. Mfano mzuri ni LiveJournal, mtandao wa shajara ulioanzishwa Marekani mwaka 1999 na Brad Fitzpatrick. Sifa yake kubwa ilikuwa kumwezesha mwandishi kufunga andiko lake ili lisomwe na marafiki aliowachagua tu. Watu waliandika humo habari za maradhi, ndoa, dini na siasa ambazo wasingethubutu kuzitangaza.

Mwaka 2005 mtandao huo uliuzwa kwa kampuni ya Six Apart ya Marekani, na Desemba 2007 ukauzwa tena kwa kampuni ya SUP ya Urusi. Nchini humo LiveJournal ilikuwa uwanja mkuu wa mijadala ya kisiasa. Kuanzia Agosti 2014, sheria ya Urusi ilimtaka mwanablogu mwenye wasomaji zaidi ya 3,000 kwa siku ajisajili serikalini, na hivyo idadi ya wasomaji, iliyokuwa fahari, ikageuka kuwa kigezo cha kisheria. Daftari hilo la wanablogu lilifutwa mwaka 2017.

Desemba 2016 seva za LiveJournal zilihamishiwa Urusi, na Aprili 2017 watumiaji wakatakiwa kukubali masharti mapya yanayofuata sheria za nchi hiyo. Waliotaka kuondoka walihamisha shajara zao kwenda mitandao mingine, ikiwamo Dreamwidth iliyoanzishwa mwaka 2009 na watu waliowahi kufanya kazi LiveJournal. Mtu aliyeandika siri yake mwaka 2003 kwa ajili ya marafiki 10, akiamini kuwa imo mikononi mwa vijana wa Marekani, aliikuta miaka 13 baadaye ikiwa katika nchi nyingine na chini ya sheria nyingine, bila yeye kuhamisha chochote.

Kumbukumbu zinapoombwa na polisi

Tanzania ina mfano wake. Desemba 2016, polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, mtandao ulioanza mwaka 2006 na ambao wanachama wake wengi huandika kwa majina ya kubuni. Alishitakiwa, pamoja na mambo mengine, kwa kuzuia uchunguzi kinyume cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, baada ya mtandao huo kukataa kutoa taarifa za kuwatambulisha watumiaji wake.

Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya kumtaka mtu yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya uchunguzi wa jinai. Aprili 2020, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu jijini Dar es Salaam ilimtia Melo hatiani katika mojawapo ya kesi hizo na kumtaka alipe faini ya Sh3 milioni au aende jela mwaka mmoja. Mwaka 2019, Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari (CPJ) yenye makao yake New York ilikuwa imempa tuzo yake ya kimataifa.

Kesi hiyo ilionyesha kuwa jina la kubuni lina nguvu sawa na msimamo wa anayetunza kumbukumbu, na kwamba msimamo huo unaweza kumgharimu. Mwenye mtandao anayetaka kuepuka mtihani huo hana budi kujiuliza mapema ni taarifa zipi anazihitaji kweli. Taarifa ambayo haikutunzwa haiwezi kuombwa, kuibwa wala kuuzwa.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Machi 2018 ziliongeza uzito wa suala hilo. Ziliwataka wanablogu kupata leseni, ambayo gharama zake zote zilifikia takriban Sh2.1 milioni, na kuwa na utaratibu wa kutambua chanzo cha maudhui yanayowekwa. Migahawa ya intaneti ilitakiwa kufunga kamera. Kanuni hizo zilifuatwa na nyingine mwaka 2020, na ada zikapunguzwa katika marekebisho ya mwaka 2022.

Sheria za ulinzi wa taarifa

Haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya na Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda. Sheria za kuitekeleza upande wa taarifa zilichelewa. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zake mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia ikazinduliwa rasmi Aprili 2024.

Kwa jumla, sheria hizi zinamtaka anayekusanya taarifa amweleze mhusika sababu ya kuzikusanya, asizitumie kwa jambo jingine na azilinde. Mhusika ana haki ya kuuliza taarifa zipi zinatunzwa kumhusu, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kukataa zisitumike kumtumia matangazo.

Kenya imekwisha kuonyesha kuwa sheria hiyo inauma. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliutoza ukumbi mmoja wa starehe jijini Nairobi faini ya Sh1.85 milioni za Kenya kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila ridhaa yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Hatua za kuchukua

Hakuna njia inayomwezesha mtu kutumia mtandao bila kuacha alama yoyote. Zipo hata hivyo hatua zinazopunguza alama hizo.

Kwanza, msomaji atoke kwenye akaunti zake za mitandao ya kijamii kabla ya kusoma tovuti nyingine, au atumie vivinjari viwili, kimoja cha akaunti na kingine cha kusomea. Katika mipangilio ya kivinjari, azuie vidakuzi vya tovuti za nje na kufuta vya zamani mara kwa mara.

Pili, asitegemee mno dirisha la siri la kivinjari. Dirisha hilo hufuta kumbukumbu ndani ya kifaa chake tu. Tovuti, kampuni ya simu na mwajiri mwenye mtandao wa ofisi huendelea kuona. Huduma za VPN huficha mawasiliano mbele ya kampuni ya simu, lakini huyahamishia mikononi mwa mtoa huduma ya VPN. Aidha, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN kuzitolea taarifa kwake.

Tatu, aombe kuona kilichoandikwa kumhusu. Tangu Januari 2020, Facebook humwonyesha mtumiaji orodha ya tovuti na programu za nje zilizopeleka taarifa zake kwake, na humruhusu kuitenganisha na akaunti yake. Wengi wanaoifungua mara ya kwanza hukuta majina ambayo hawakuyatarajia.

Nne, anayeweka picha azime kwanza kipengele cha mahali katika kamera ya simu. Desemba 2012, mfanyabiashara John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, alijulikana kuwa yuko Guatemala baada ya jarida moja kuchapisha picha yake ikiwa bado na taarifa za mahali ilipopigwa.

Tano, mwanablogu aondoe vihesabio, vitufe na programu asizozihitaji, kwa kuwa kila kimoja ni mlango wa kampuni nyingine kuwaona wasomaji wake. Asiombe namba ya simu pale ambapo barua pepe inatosha, wala barua pepe pale ambapo haina kazi. Afute kumbukumbu za seva baada ya muda aliouweka na kuutangaza.

Hatua hizo haziondoi wajibu wa kampuni na serikali, lakini zinarudisha sehemu ya uamuzi kwa mwenye taarifa. Na pale mtandao wowote utakapotangaza kwamba umeacha kuonyesha jambo fulani ili kulinda faragha, swali la kwanza la msomaji liwe kama umeacha pia kuliandika.